Fomu ya dola 15 iliyofunga akaunti ya shemeji yangu Texas

Ijumaa tarehe 23 Februari 2024, saa tano asubuhi hivi, dereva wa shemeji yangu alikuwa Amarillo kwenye kituo cha mafuta, traki ishaingia kwenye pampu, nyuma yake foleni, akaswaipu kadi ya mafuta ikakataa. Akaswaipu tena ikakataa. Akampigia shemeji, shemeji akajua ni mtandao tu, akamwambia asubiri dakika kumi ajaribu tena, na madereva wa nyuma washaanza kupiga honi. Ilipokataa mara ya nne ndo shemeji akafungua app ya benki akakuta pesa zipo, dola 14,870, ila hazitoki. Zinaonekana kama samaki kwenye kioo. Akapiga simu benki, yule dada wa benki akamwambia kuna amri ya mahakama, zaidi ya hapo haruhusiwi kusema kitu, mtafute mwanasheria wenu.

Mahakama gani? Shemeji hajawahi kupata hata tiketi ya spidi mwaka huo. Akanipigia mimi, kwa sababu kwenye familia yetu ya Houston mimi ndo nachukuliwa kama mtu wa makaratasi, si kwamba nimesomea sheria, nimesoma uhasibu kidogo tu na najua kujaza fomu bila kulia. Na ndo maana nakiandika hiki kisa, maana nilipoanza kuchimba nikakuta sehemu ya kosa ina mwandiko wangu mwenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Kampuni ilifunguliwa 2018, kampuni ya matraki, LLC ya Texas, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, wenyewe wawili, shemeji na rafiki yake wa tangu Tanga, wameanza na traki moja ya mkopo. Walivyosajili, ile fomu ya kuanzisha kampuni ambayo Texas wanachaji dola 300, kuna sehemu inakuuliza wakala aliyesajiliwa ni nani na anwani yake iko wapi. Hapa wengi wanasema rejistadi ejenti. Huyu siyo wakala kama wa M-Pesa, hana duka wala haweki kibao nje. Kazi yake ni moja tu, kupokea karatasi za kisheria za kampuni, hasa samansi, na kuzifikisha kwa wenyewe. Karibu kila jimbo la Marekani linataka kampuni iwe na mtu au kampuni nyingine ndani ya jimbo hilo, mwenye anwani ya mtaani, anayepatikana saa za kazi, ili mtu akitaka kukushtaki ajue mlango wa kugonga ni upi. Kule nyumbani tumezoea S.L.P., unaweka sanduku la posta maisha yanaenda. Texas sanduku la posta hawalikubali, na sheria yao inasema wazi kwamba anwani yenyewe haiwezi kuwa sehemu ya kupokelea barua tu au ya kupokelea simu tu. Lazima kuwe na mahali ambapo binadamu anaweza kumkabidhi binadamu mwenzie karatasi mkononi. Na kampuni haiwezi kuwa wakala wa yenyewe.

Basi wakaandika rafiki wa shemeji ndo wakala, anwani apatimenti yake kule Bissonnet, southwest Houston. Wakati ule ilikuwa sawa kabisa, yeye ndo alikuwa anashinda nyumbani anafanya dispachi, yaani kupangia traki mizigo, shemeji yuko barabarani.

Mwisho wa 2021 wale wawili wakaachana kibiashara. Hawakugombana sana mwanzoni, mwenzake alipata kazi Columbus, Ohio, akalipwa sehemu yake kidogo kidogo, wakasainiana karatasi, akahama na familia. Shemeji akabaki na kampuni peke yake na akabadilisha kila kitu, na hapa lazima nimtetee maana watu wakisikia kisa hiki wanadhani ni mzembe. Alibadilisha anwani benki. Alibadilisha IRS, wale wa kodi ya serikali kuu. Bima akabadilisha, FMCSA, ile ofisi ya serikali kuu inayosimamia matraki, akabadilisha, akajaza na ile fomu ya posta ya kuhamisha barua, ambayo kwa barua za kawaida inadumu miezi 12 tu halafu inakufa. Kila sehemu iliyokuwa inamtumia bili aliibadilisha. Sehemu ambayo haikuwahi kumtumia bili hata siku moja ndo aliyoisahau.

Sasa hapa ndo naingia mimi. Texas kila mwaka mwezi wa tano kampuni inatakiwa kupeleka ripoti kwa Comptroller, ile ofisi ya kodi za jimbo, hata kama huna kodi ya kulipa. Kuna karatasi moja pale inaitwa Public Information Report, watu tunasema PIR, unaandika wakubwa wa kampuni ni nani na wanakaa wapi. Mei 2022 nilikaa na shemeji mezani kwake, dada yangu kapika pilau, watoto wanapiga kelele, nikamjazia ile PIR kwa kalamu. Nikatoa jina la yule mwenzake, nikaacha la shemeji peke yake. Chini kabisa ya karatasi kuna kiboksi cha wakala, nikaandika jina la shemeji na anwani yake mpya kule Katy, mji jirani na Houston. Nikaona safi. Tukala.

Ile karatasi ninayo mbele yangu hapa ninapoandika. Ndani ya kiboksi kile kile nilichojaza, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba ukitaka kubadilisha wakala au anwani yake lazima upeleke fomu kwa Secretary of State, ile ofisi ya jimbo inayosajili kampuni. Sentensi moja. Kalamu yangu imepita kama sentimita moja juu yake.

Na kinachoudhi zaidi ni jinsi mambo yanavyochanganya, kwa sababu yale majina ya wakubwa wa kampuni unayoandika kwenye PIR, hayo kweli Comptroller anayapeleka kwa Secretary of State na yanaingia kwenye rekodi. Kwa hiyo shemeji akiangalia, anaona mwenzake ametoka kwenye uongozi, anaamini karatasi imefanya kazi. Imefanya kazi nusu. Jina la mwenzake limetoka kwenye kiti cha meneja likabaki kwenye kiti cha wakala, na ofisi hizo mbili ni za jimbo moja, zote ziko Austin, ila kwa jambo hili kila moja ina daftari lake. Sisi tukisema "nimeshawaambia serikali" tunafikiri serikali ni mtu mmoja mwenye masikio mawili.

Sasa kesi yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 traki moja ilifumuliwa injini kwenye gereji fulani, siitaji hapa. Ikatoka, ikatembea kama maili 600, ikafa tena. Shemeji akasema silipi salio mpaka mrekebishe, gereji wakasema umeiendesha vibaya, wakabishana kwenye simu miezi miwili halafu pande zote zikanyamaza. Salio lilikuwa dola 26,400. Shemeji akajua wamekubali yaishe. Kumbe mwezi wa nane wakaenda kwa loya, loya akafungua kesi mahakama ya kaunti ya Harris, akaingia kwenye rekodi ya jimbo kuangalia wakala wa kampuni ni nani, akapata jina la mtu aliyeko Ohio na apatimenti ya Bissonnet.

Faili la kesi tulilipata baadaye na ndani yake kuna kiapo cha yule mtu wa kupeleka samansi. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakuna aliyefungua. Mara ya pili mwanamke alifungua mlango kidogo, mnyororo umefungwa, akasema hamjui mtu huyo, yeye kahamia mwaka uliopita. Mara ya tatu akarudi jioni, hakuna mtu, gari hamna. Akaapa hivyo, akasaini.

Wengi wetu tunaamini, na mimi niliamini, kwamba kama hawajakupata basi kesi haiwezi kwenda. Hiyo siyo kweli kwa kampuni. Sheria ya Texas inasema kama kampuni haina wakala, au wakala hapatikani kwenye anwani yake baada ya kutafutwa kwa bidii ya kutosha, basi Secretary of State mwenyewe anageuka kuwa wakala wa kampuni. Unampelekea yeye samansi, yeye anaipeleka kwa barua ya sertifaidi, ile inayosainiwa ikipokelewa, kwenye anwani aliyonayo, na kisheria kampuni inahesabika imepokea. Ikitumwa tu basi. Ofisi inatoa cheti kwamba tulipokea tarehe fulani na tulituma tarehe fulani, maloya wanakiita cheti cha Whitney, jina limetokana na kesi moja ya 1973, na cheti hicho mahakamani ni kama msumari. Barua ya shemeji ilitumwa wapi? Bissonnet, apatimenti ile ile. Ikarudi. Kopi ya bahasha imo kwenye faili, ina lile stika la njano la posta kwamba haiwezi kufika na haiwezi kuhamishwa, maana ile miezi 12 ya kuhamisha barua ilishakwisha zamani.

Ukishahesabika umepokea, saa inaanza kutembea. Texas kwenye mahakama kama ile majibu yanatakiwa kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Ndiyo, saa nne asubuhi, siku ya Jumatatu, wameandika hivyo kwenye kanuni. Jumatatu hiyo shemeji alikuwa Tennessee anashusha mzigo wa vigae. Hakujibu kwa sababu hakuulizwa, angalau kwa masikio yake. Tarehe 9 Januari 2024 jaji akasaini hukumu ya upande mmoja, dola 31,600 ukijumlisha na gharama za loya wao, notisi ya hukumu ikatumwa tena Bissonnet, halafu loya akasubiri hukumu ikomae akaenda kuomba amri ya kushika pesa benki. Namba ya akaunti waliipata kwenye cheki ya zamani ambayo shemeji mwenyewe aliwalipa advansi.

Nirudi kwenye ile Ijumaa. Kitu cha kwanza shemeji alichosema nilipomweleza ni kwamba haiwezekani, yeye ana wakala, anawalipa. Nikamwambia wakala gani, akanitumia karatasi ya BOC-3. Wenye matraki mtaijua hii, ukitaka kibali cha kubeba mizigo kati ya majimbo FMCSA wanakutaka uwe na wakala wa kupokea karatasi kila jimbo, na kuna kampuni zinakufanyia majimbo yote kwa pamoja. Ni kitu cha kweli na kina kazi yake, ila ni cha serikali kuu na kinakaa FMCSA, hakigusi daftari la Austin. Kwa hiyo shemeji kwa miaka miwili alikuwa na mawakala karibu hamsini, na yule mmoja aliyekuwa anatakiwa hakuwepo.

Kitu cha pili alitaka Jumatatu avae suti aende mwenyewe akaongee na jaji kwa heshima. Nikamwambia shem, kesi yako binafsi unaweza kujisimamia, lakini kampuni kwenye mahakama ya kaunti lazima isimame na loya mwenye leseni. Kwenye mahakama ndogo, zile za justisi ofu pisi, ambazo mwisho wake ni madai ya dola 20,000, hapo kampuni inaweza kuja na mtu wake wa kawaida. Hii ilikuwa juu ya hapo. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, nikasikia indiketa ya gari inalia tik tik tik.

Jumamosi asubuhi nilifungua kompyuta kabla hata hatujapata loya nikafanya kilichotakiwa kufanywa 2021. Nieleze vizuri maana sehemu hii ni fupi mno kuliko watu wanavyodhani. Kwanza nikaangalia rekodi inasemaje. Websaiti ya Comptroller ina sehemu ya kutafuta kampuni bure kabisa, unaandika jina, inakuletea hali ya kampuni na chini yake jina la wakala na anwani. Jina la kaka wa Columbus likatokea pale, kimya, na namba ya apatimenti. Halafu nikaingia SOSDirect, mfumo wa Secretary of State, ambao kila ukitafuta wanakukata dola moja, na nikapata namba ya faili ya kampuni.

Fomu ni namba 401. Kurasa zake unaweza kuzisoma ukiwa unasubiri chai ichemke. Jina la kampuni liandike kama lilivyosajiliwa, na koma yake kama ina koma, na LLC yake, halafu namba ya faili, wakala wa sasa na anwani yake ya sasa kama rekodi inavyosema hata kama unajua ni uongo, wakala mpya, anwani mpya, kisha mwenye mamlaka ya kampuni anasaini. Wakala mpya lazima awe amekubali kwanza, Texas imekuwa hivyo tangu mwaka 2010, hakuna kumwandika mtu kimyakimya. Kukubali kwenyewe kuna fomu yake, 401-A, siyo lazima kuipeleka, unaisainisha na unaiweka kwenye faili la kampuni. Ada dola 15. Ukilipa kwa kadi wanaongeza asilimia kidogo. Jumla haikufika dola 16.

Kilichochukua muda ni kubishana nani awe wakala mpya. Shemeji akasema niandike mimi, nikamuuliza saa tano asubuhi Jumanne uko wapi, akacheka kwa uchungu. Dada yangu je? Yeye ni nesi wa usiku, mchana yupo nyumbani, ila mchana ndo analala na akasema hayuko tayari kuamshwa na wagonga milango, na tena hataki anwani ya nyumba yenye watoto ikae kwenye rekodi ambayo mtu yeyote akiwa na intaneti anaiona. Hoja nzuri hiyo. Mimi nikajitolea, dada akaniangalia kwa jicho lile, akasema wewe ndo uliyejaza ile PIR. Basi tukachukua kampuni ya uwakala, wengi wao wanachaji dola mia na kitu kwa mwaka, wanapokea karatasi, wanaziskani, zinakuja kwenye imeili siku hiyo hiyo.

Ila na hao wana mtego wao na ni vizuri ujulikane, hasa kwa ndugu zetu wanaofungua LLC za Delaware au Wyoming wakiwa Dar au Nairobi ili wapokee malipo ya mtandaoni. Mwaka wa kwanza mara nyingi wakala unapewa ndani ya bei ya kufungulia, mwaka wa pili wanakata kadi, kadi ishaisha muda, wanakutumia imeili mbili tatu zinaingia spamu, halafu wanajiuzulu. Wakala ana haki ya kujiuzulu. Texas ni fomu 402, haina ada, na siku ya 31 baada ya jimbo kuipokea jina linatoka hata kama hujapata mwingine. Ukikaa hivyo bila wakala Secretary of State anaweza kukupa notisi ya siku 90 halafu akaifuta kampuni. Delaware kubadilisha wakala ni dola 50 kwa LLC, California wao unabadilisha kupitia ile taarifa ya kila miaka miwili ya dola 20, kila jimbo lina mila zake, usichukue ya Texas ukaipeleka Georgia.

Fomu yetu ilikubaliwa Jumatatu jioni. Dola 15 zikaziba shimo la mbele. La nyuma lilihitaji loya.

Loya tuliyempata, mama mmoja mtaratibu sana, alisikiliza nusu saa halafu akauliza swali moja, mlijua lini. Tukasema ile Ijumaa. Akatoa pumzi. Kawaida kuomba kesi isikilizwe upya una siku 30 tangu hukumu isainiwe, na kwa hesabu hiyo tulikuwa tumeshachelewa wiki mbili. Lakini Texas kuna kanuni kwamba kama hukupata taarifa ya hukumu ndani ya siku 20 za mwanzo, siku zako 30 zinaanza kuhesabiwa siku uliyojua, ilimradi hazijapita siku 90 tangu hukumu. Sisi tulijua siku ya 45. Lazima uthibitishe kwa kiapo, kwa hiyo ile simu ya dereva kutoka Amarillo, risiti ya kadi iliyokataa, logi ya simu ya benki, vyote vikawa ushahidi. Akasema kama tungekaa "tukisubiri waeleweke" kama shemeji alivyotaka mwanzoni, mlango ungefungwa.

Halafu kuna vipimo vitatu, vimetoka kwenye kesi ya 1939 inaitwa Craddock dhidi ya Sunshine Bus Lines, kampuni ya mabasi iliyopigwa hukumu ya upande mmoja, shemeji alipenda sana kusikia kwamba wenye vyombo vya usafiri wameanza kuteseka zamani. Uonyeshe kwamba kutokujibu hakukuwa kusudi wala dharau, ilikuwa ajali au kosa. Uonyeshe una utetezi wa maana. Na uonyeshe kusikiliza upya hakutamuumiza mwenzako. Kwenye utetezi tulikuwa vizuri, kulikuwa na picha za injini na ripoti ya kompyuta ya traki inayoonyesha maili. Kwenye la tatu loya akasema tujitolee kulipa gharama zao za kutafuta ile hukumu. Lile la kwanza ndo lilikuwa gumu, maana mwenzetu angesema miaka miwili hamjasasisha rekodi, hiyo siyo ajali hiyo ni tabia. Na hapo ndo PIR yangu, ile ile ya pilau, ikawa kielelezo cha mahakama. Kumbe kosa langu lilikuwa na kazi. Mtu anayepuuza hajazi jina jipya la wakala kwenye karatasi ya jimbo, anayejaza kwenye karatasi isiyo sahihi ni mtu aliyekosea tu. Niliapa kiapo mimi mwenyewe, nikaeleza nilichokielewa siku ile, nimesaini mbele ya notari kwenye duka la UPS na mkono unatetemeka kama naolewa.

Maombi yakaingia tarehe 8 Machi. Jaji hakuwahi kuamua, maana loya wa gereji alivyoona zile picha na kile kiapo akapiga simu, wakakubaliana hukumu iondolewe kwa makubaliano, sisi tulipe gharama zake dola 2,900, pesa za benki ziachiwe, halafu tukae mezani. Aprili wakamaliza kwa dola 17,500 kwa mafungu. Loya wetu akachukua 4,800. Ukijumlisha unaona kwamba salio lenyewe la mwanzo lilikuwa 26,400 na shemeji karibu alipe kiasi hicho hicho bila kushinda wala kushindwa, na wiki sita za mizigo iliyopotea kwa sababu kadi za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, tulikuwa tunajaza kwa kadi ya dada.

Lililonikera mimi zaidi ni kaka wa Columbus. Shemeji alikasirika sana akawa anasema kwa watu kwamba mwenzake kamficha barua. Nilimpigia mwenyewe. Akashangaa kabisa, "kumbe jina langu bado liko huko?" Hakupokea kitu chochote, angepokea vipi na yeye yuko Ohio. Ni kweli naye angeweza kujaza ile 402 bure siku anahama, na ningependa kila anayetoka kwenye kampuni ya rafiki yake afanye hivyo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuna kiti kingine amekalia. Makubaliano yao ya kuachana yana kurasa sita, yanataja traki, trela, madeni, hadi laptopu na printa nani anachukua. Neno wakala halimo. Niliwaunganisha kwenye simu siku ya Idi, wakasalimiana, wakaulizana watoto, bado haijawa kama zamani.

Barua ya kwanza kabisa kutoka kwa wakala mpya iliingia mwezi wa sita. Shemeji yuko Arkansas, ananipigia anahema, anasema imeili imekuja, imeandikwa umepokea hati, ameogopa kuifungua. Nikamwambia nitumie. Nikafungua. Ilikuwa kampuni moja ya ujanja ujanja yenye nembo kama ya serikali, inamwambia kampuni yake iko hatarini na atume dola 120 haraka wamuuzie bango la sheria za kazi la kubandika ukutani. Wanazituma kwa kila kampuni inayobadilisha kitu kwenye rekodi. Alikuwa ameshatoa kadi.

"Shem," nikamwambia, "hiyo futa."